Walipofumaniwa na Kimondo

Jumamosi ile asubuhi, kati ya vyungu vyote vilivyoshushwa ufukweni Matema kwa ajili ya soko, hapakuwa na hata kimoja kilichopata moto kumzidi Damari.

Alikuwa akivitoa vyungu mtumbwini na kuvipanga mchangani kwa namna ambayo mama yake hakuipenda. Chungu cha Wakisi hutuliwa chini kama mtoto aliyelala. Damari alivitua kama mtu anayemgongea jirani ukuta ili anyamaze.

"We Damari," mama yake, Keziya, alisema. "Hivyo ni vyungu. Siyo Ipyana."

"Sijamtaja mtu."

"Mdomo haujamtaja. Mikono inamtaja tangu alfajiri."

Damari akatua kingine. Kikalia, lakini hakikupasuka. Keziya alikuwa mfinyanzi mzuri, na kazi yake ilistahimili mapenzi ya watu wengine.

Sasa, ili haki itendeke, ni lazima yaelezwe yaliyotokea Ijumaa jioni, kwa sababu kufikia asubuhi ile Matema nzima ilikuwa ikiyaeleza vibaya.

Damari alikuwa binti wa Ikombe, kijiji cha Wakisi, watu wa ufinyanzi, kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, mahali ambapo mtu huenda sokoni kwa mtumbwi. Ipyana alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Ipinda, kijana mrefu mwenye pumba za mpunga kwenye nyusi, aliyeimba besi katika kwaya kwa kufungua mdomo tu na kuwaachia wenzake sauti. Walipendana tangu mavuno yaliyopita. Walipendana kwa siri, maana baba yake Ipyana, mzee Ezekiel wa Ngonga, mzee wa kanisa na mkulima wa mpunga, alikuwa ametamka hadharani kwamba jambo hilo halipo.

"Sisi ni watu wa mpunga," alisema mzee Ezekiel kila alipopata nafasi, na nafasi alizitafuta. "Mke wa mwanangu awe mtu anayejua jembe. Huyo wa kule chini ya mlima atatupandia nini? Vigae?"

Ijumaa hiyo kwaya na wazee wa Ngonga walikuwa wamekuja Matema kwa semina. Ipyana alikuwa ameapa kwamba safari hii atamwambia baba yake waziwazi. Giza lilipoanza kuingia, wazee wakashuka ufukweni kusali. Walisimama duara, wamefumba macho. Mbali kidogo na duara hilo, kando ya mtumbwi uliofudikizwa na ya vyungu vya kwanza vya Keziya, vilivyoletwa mchana, Ipyana na Damari nao walisimama, wameshikana mikono, hawakufumba chochote.

"Damari," Ipyana alinong'ona kwa ile sauti nzito ambayo kwaya haijawahi kuipata. "Hata nyota zidondoke, mkono huu siuachii."

Kwa kawaida mbingu zina shughuli zake na hazisikilizi maneno ya wapenzi. Jioni hiyo zilikuwa na nafasi.

Kwanza ziwa liligeuka kijani. Kisha likawa jeupe kama bati jipya. Damari aliinua macho akaona kitu kinakuja kutoka upande wa Malawi, juu ya maji, mpira wa moto uliouzidi mwezi kwa ukubwa na usiotoa sauti yoyote, nyuma yake mkia wa cheche. Milima ikatoka gizani yote kwa mkupuo, kila mwamba na kila mti, kama vile mtu amewasha taa ndani ya chumba cha Mungu. Vivuli vya vyungu vikazunguka mchangani vikikimbia mwanga. Kitu kile kikakatika vipande vipande juu ya milima, kikawa chekundu, kikazimika. Giza liliporudi, lilirudi likiwa zito zaidi. Muda ukapita, watu wakidhani yamekwisha, ndipo ukaja mngurumo, kama lori linalovuka daraja la mbao, na vyungu vyote vya Keziya vikaimba kwa pamoja.

Hicho ndicho kimondo. Wengi walisema ni ndugu ya kile kilichoanguka Mbozi zamani, kimekuja kumtafuta mwenzake. Lakini watu wa Matema walikisimulia kwa maneno machache tu, ili wafike haraka kwenye sehemu waliyoipenda zaidi, yaani yale yaliyoonekana ndani ya mwanga ule.

Iliyoonekana ilikuwa mikono miwili iliyoshikana. Kisha ukaonekana mmoja ukiuachia mwingine, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Ipyana alitoweka nyuma ya mtumbwi kwa kasi ya mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu wa zamu. Damari akabaki amesimama peke yake katikati ya mchana ule wa kuazima, mkono ungali hewani. Mzee Ambrose, aliyekuwa akiongoza sala, akasema "Amina!" kabla hata ya kufika katikati ya sala. Na mzee Ezekiel, aliyekuwa ameelekea upande wa vyungu, akamwona Damari uso kwa uso. Akamwona kwa kufumba na kufumbua, basi. Akavuta koti lake akajifunika kichwa, akampa mgongo, akaondoka kwa hatua ndefu bila kusema neno.

Damari hakulala usiku ule. Kuachiwa mkono kulimuuma. Kupewa mgongo na mzee wa watu, kwa koti kichwani, kama mtu aliyepita penye mzoga, kulimchoma.

Basi hayo ndiyo aliyokuwa akiyatua mchangani pamoja na vyungu, wakati Ipyana alipojitokeza, amevaa shati la kwaya, hatua zake fupi.

"Ugonile, mama," alimsalimia Keziya kwa heshima zote.

"Ndaga, baba," Keziya akaitikia. "Umekuja kununua chungu au kujificha nyuma yake?"

Wanawake wa vyungu wakacheka kwa mkupuo. Ipyana akamgeukia Damari.

"Damari, tuzungumze."

"Zungumza na mtumbwi. Jana mlielewana."

"Kilikuwa kimondo! Kila mtu alishtuka. Mwenyekiti wa kwaya ameingia ziwani na viatu. Mpaka sasa ameviegemeza kwenye lori la kwaya vikauke, nenda kaangalie."

"Sikuuliza habari za mwenyekiti." Damari alinyoosha mgongo. Mikono yake ilikuwa na majivu na udongo mwekundu hadi kwenye viwiko, na macho yake, ambayo Ipyana aliyasifia kila wiki kwa ujumbe wa simu wenye makosa mengi, hayakuwa na sifa yoyote ya kumpa. "Nakuuliza kitu kimoja. Ukinijibu kweli, nitajua la kufanya. Uliachia mkono wangu kwa sababu ya nyota, au kwa sababu ya baba yako?"

Ipyana akafungua mdomo kama kwenye kwaya.

"Kama ni nyota," Damari aliendelea, "nakusamehe sasa hivi, kabla chai haijapoa. Hata mimi niliogopa. Lakini kama ni baba yako, Ipyana, basi tujue. Nyota haidondoki kila siku. Baba yako yupo kila siku."

"Ni nyota," alisema Ipyana.

"Nitazame usoni useme."

Akatazama chungu. "Ni nyota, mpenzi."

"Ilitokea upande gani?"

"Upande wa Malawi. Juu ya maji."

"Na wewe ulijificha upande gani wa mtumbwi?"

Mmoja wa wanawake akaacha kutafuna.

"Upande wa maji!" Damari alipaza sauti kwa hasira. "Nimeziona nyayo zako asubuhi hii, ziko palepale. Nyota iko juu ya ziwa, na wewe unakimbilia ziwani! Mtu anayeikimbia nyota anaifuata? Wazee ndio waliokuwa upande wa nchi kavu. Ulikuwa unajificha wasikuone na mimi!"

"Damari..."

"Sema!"

"Nilimwona baba," alisema Ipyana, na mabega yakashuka. "Nilimwona amefumbua macho. Mkono ukaachia wenyewe. Sikuutuma."

"Ndaga fijo, asante sana. Sasa umesema kweli, na kweli yako imenitosha." Akainama akashika chungu kingine. "Rudi Ipinda ukakoboe. Ikombe usije. Na usimtume mtu aje kuongea na wajomba zangu, atarudi na njaa."

"Unaniacha kwa kosa la dakika moja?"

"Haikufika dakika! Ungejua ilikuwa fupi kiasi gani! Ulikuwa na kazi ya kushika tu, Ipyana. Kushika! Mtoto mchanga anaweza."

Kijana alisimama pale kama gogo. Alitaka kumgusa bega, akayaona macho yake, akaahirisha. Damari alipumua kwa nguvu, akafikiri amemaliza, kumbe hasira ilikuwa na chumba kingine cha nyuma.

"Na baba yako naye!" alisema. "Hanitaki, sawa, ana haki yake. Lakini kujifunika koti kichwani kwa kuniona mimi? Kunipa mgongo mbele ya kanisa zima? Hata mwizi husalimiwa kwanza. Yuko wapi?"

Ipyana akashtuka. "Usimfuate. Tafadhali. Yuko kwenye ndizi. Hayuko sawa tangu jana, hasemi na mtu. Leo kaja kwa njia ya shamba, kasema njia ya ufukweni hapiti."

"Njia ya ufukweni ina nini?"

"Ina wewe."

Hapo ndipo Damari alipochukua kile chungu, kikubwa kuliko vyote, akakikumbatia kifuani kama askari anavyoshika ngao, akaanza kulikata soko.

"Damari, chungu hicho kimeagizwa!" Keziya alipiga kelele. Lakini alikuwa mama, na zaidi ya hapo alikuwa na udadisi, kwa hiyo naye akajifunga kanga akafuata. Ipyana akafuata. Wanawake wa vyungu wakaona ni vibaya kubaki peke yao.

Mzee Ezekiel alikuwa akikagua mkungu kwenye fungu la ndizi la Asifiwe, mama mnene wa Ipinda aliyeuza ndizi tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na aliyekaa katikati ya mali yake kama malkia aliyezungukwa na ukuta. Mzee aligeuka, akamwona Damari anakuja na chungu. Mtu huyu, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia hata mvua, alivuta koti hadi kwenye paji la uso akaingia nyuma ya ndizi.

"Shikamoo, baba," alisema Damari. Alikuwa amefunzwa, ugomvi lazima uanze kwa adabu.

Hakujibiwa.

Soko likaanza kunyamaza, kutoka karibu kwenda mbali. Mzee wa kanisa kumnyima mtu marahaba!

"Shikamoo, baba," Damari alirudia, akazunguka fungu kwa kulia. Koti likazunguka kwa kushoto. Akabadilisha, akazunguka kwa kushoto. Koti nalo likabadilisha. "Nimekuja kwa heshima! Nataka tu kuambiwa nimekukosea nini hata nisitazamwe! Kama ni mkono wa mwanao, nimeshamrudishia, yule pale, mzima!"

Wakazunguka tena, binti na chungu mbele, mzee na koti mbele yake zaidi, hadi isijulikane nani anamfuata nani.

"Mwe bandu! Enyi watu!" Asifiwe alifoka. "Mnacheza nini kwenye ndizi zangu? Mzee mzima..." Akanyamaza ghafla. Alimtazama mzee, akamtazama Damari, akarudi kwa mzee. Tabasamu likaanza taratibu kwenye kona moja ya mdomo. "Mzee Ezekiel. Hebu nieleze. Mmeshamtolea ng'ombe huyu binti?"

"Nani?" sauti ilitoka nyuma ya ndizi. "Hatujatoa! Hata kuku hatujatoa!"

"Sasa mbona unamkimbia kama mkamwana wako?"

Damari alisimama. Chungu kilikuwa kizito ghafla.

Alizijua habari hizo. Nani asiyezijua kandokando ya ziwa lile? Kwa Wanyakyusa wa kizazi cha mzee Ezekiel, baba na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Binamu yake Jubilate, aliyeolewa Ngonga, alikuwa akiwasimulia jinsi anavyorukia kwenye majaruba ya mpunga na mzigo wake kichwani akimwona baba mkwe kwa mbali, na jinsi baba mkwe naye anavyogeukia kando na kujifunika, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa heshima. Lakini hayo yalikuwa ya mke aliyeolewa. Damari alikuwa msichana aliyekataliwa. Haikumjia akilini hata kidogo.

"Msichana usiyemtaka humkimbii," Asifiwe aliendelea, sasa akiwahutubia watu wote. "Unamtazama. Tena unamkazia macho mpaka aondoke mwenyewe. Mimi mama mkwe wangu alinitazama hivyo miezi mingi, najua. Lakini huyu mzee jana kaona mkono wa mwanawe ndani ya mkono wa huyu, na hapohapo kafunika kichwa. Kichwa kinasema hapana tangu mavuno. Miguu imeshapokea mkwe!"

"Ulikuwa mwanga!" sauti ilijitetea. "Ulinishtua. Mwili ukatangulia."

"Na sasa hivi? Jua nalo limekushtua? Basi toka hapo, mtazame mtoto wa watu usoni, umwambie humtaki. Yaishe, niuze ndizi zangu."

Watu walisubiri. Lori la kwaya lilikuwa likiunguruma, dereva akalizima ili asikie. Damari alikaza macho kwenye ule mkungu wa ndizi, moyo ukimpiga kwenye udongo wa chungu. Koti likasogea kidogo. Likasimama. Likarudi.

"Asifiwe," sauti ilisema hatimaye, imekasirika na imechoka. "Mwambie huyo mtoto wa Keziya..."

"Yupo hapa, anasikia."

"Mwambie wewe! Mwambie nimesikia shikamoo yake. Marahaba." Mkungu mmoja ukatikisika. "Na mwambie asikimbie na chungu kikubwa namna hiyo, atakivunja. Lakini jembe atajifunza! Hilo sijalegeza!"

Soko likalipuka kwa vigelegele, na mama mmoja aliyekuwa ameuza samaki wake wote wa aina ya mbasa akacheza bila ngoma. Ipyana alipenya katikati ya watu, uso wote meno.

"Umesikia? Damari, umesikia? Baba amekubali!"

Damari alimkabidhi mama yake chungu. Kisha akageuka, na meno ya Ipyana yakarudi ndani moja baada ya jingine.

"Nimesikia. Baba yako amenikubali bila kutaka. Wewe umenikana, tena ulikuwa umeapa. Nani kati yenu ana nafuu? Yeye aliniogopa kwa heshima. Wewe ulinitupa mchangani kwa sababu yake."

"Lakini sasa yamekwisha..."

"Yake yamekwisha. Yako bado. Unadhani utaoa kwa miguu ya baba yako?"

Ipyana aliangalia chini. Safari hii hakukuwa na mtumbwi.

"Nifanye nini?"

"Unangoja nyota nyingine?" Damari alinyoosha mkono wake, uleule, mwekundu kwa udongo hadi kiwikoni. "Jua lile pale. Linaangaza kuliko kimondo, na halizimiki upesi. Kwaya yako ipo. Wazee wako wapo. Baba yako yuko nyuma ya ndizi na masikio anayo. Tuone."

Mkono ulibaki hewani kama jana yake. Mtu aliyekuwa karibu angeona kwamba uso wa Damari, pamoja na ukali wake wote, ulikuwa uso wa mtu ambaye hawezi kuachiwa mara mbili.

Ipyana aliwatazama wazee. Mzee Ambrose alikohoa. Mwenyekiti wa kwaya alisimama peku kando ya viatu vyake. Ipyana alifuta kiganja kwenye suruali, akapiga hatua, akaushika mkono ule mbele yao wote, na udongo ukapaka shati la kwaya hadi kwenye kifungo.

"Sema," alisema Damari.

"Baba!" Ile sauti ya besi, ambayo kwaya ililia kwa ajili yake miaka yote, ilitoka yote siku hiyo na kugonga milima. "Baba! Huyu ndiye!"

Watu wakaligeukia fungu la ndizi.

"Nimeshaona jana, mwanangu," mzee Ezekiel alijibu. "Mwanga ulikuwa wa kutosha. Acha kupiga kelele."

Watu walicheka mpaka machozi. Damari hakucheka. Bado alikuwa amekasirika, na alikusudia kuendelea kukasirika angalau hadi Jumatatu. Alimvuta Ipyana kuelekea ufukweni, kwenye mtumbwi uliokuwa umejaa nusu, akamkaza vidole mpaka kijana akakunja uso.

"Damari, unaniumiza."

"Achia basi, uone."

Hakuachia. Ndiyo maana vyungu vilivyosalia siku hiyo vilishushwa na watu wawili, kila mmoja kwa mkono mmoja, chungu kikining'inia katikati yao, huku Keziya akitembea nyuma yao na roho mkononi akiwaambia wavitue polepole.